Mwaka Huu Tusimame Njiani

Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano wa kufunga mwaka wa umoja wetu, sisi wana Nyanda za Juu Kusini tunaoishi Dar es Salaam. Wengi waliokosa kufika wameomba kuyasoma, kwa hiyo yanawekwa hapa yote.

Kamwene!

Ahsanteni. Ugonile! Mbona Wanyakyusa mmeitika kwa sauti ndogo, bado hamjala? Ugonile! Haya, hapo sawa. Ndaga fijo.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, vijana, na ninyi mashemeji zetu mliooa kwetu mkajikuta mmeletwa kwenye mkutano ambao hata salamu zake hamzielewi: wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za mchana.

Mwenyekiti amenipa nusu saa. Mwalimu wa Historia huwa hapewi nusu saa, lakini nitajitahidi.

Naanza na swali. Nani humu ndani hajawahi kusafiri kwa barabara kutoka hapa mpaka Iringa? Nyoosha mkono. Hakuna. Vizuri. Swali la pili: nani amewahi kusimama Lugalo? Sisemi kupita. Kusimama, kufungua mlango, kushuka, kwenda kuangalia ile nguzo. Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa mtu wa Ilula. Huyo simhesabu, pale ni kwao.

Sasa niambieni, tunasimama wapi? Maana kusimama tunasimama sana. Kwenye mizani tunasimama. Kwenye tochi za trafiki tunasimama, tena na faini juu. Chalinze tunasimama kwa mishikaki. Mikumi tunasimama dakika ishirini za chakula, na konda anapiga kelele kabla hujameza tonge la pili. Porini tunasimama kuchimba dawa. Ilula tunasimama, tunajaza nyanya na vitunguu hadi chini ya viti. Yaani barabara nzima ni kusimama! Lakini mahali ambapo mtu ametoka Ulaya, amepanda ndege usiku kucha, amelipa kwa dola ili apaone, hapo ndipo dereva wetu anakanyaga mafuta.

Mwezi ujao wote tunakwenda nyumbani. Basi leo sina ombi lingine: mwaka huu tusimame.

Jambo langu la kwanza ni hili: vitu hivi viko njiani. Mtu akisikia utalii, anawaza Serengeti, anawaza Ngorongoro, anawaza gari lisilo na paa na kofia ya majani. Anaanza kupiga hesabu, anakata tamaa, anakaa nyumbani. Mimi sizungumzii huko. Nazungumzia barabara ile ile, nauli ile ile, na kuchepuka kidogo.

Chukueni Isimila. Ukitoka Iringa mjini kuelekea Mafinga, kilomita kama 20 hivi, kuna kibao. Unaacha lami, unaingia ndani kidogo, umefika. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini alikuwa anapita njia hiyo hiyo, enzi za vumbi tupu. Akaingia kwenye korongo lililochimbwa na maji ya mvua, akaona mawe yametapakaa chini. Akaokota moja, akaligeuza. Limechongwa huku na huku, lina ncha, lina makali pembeni, ukilishika linajaa kiganjani. Akaokota jingine, hivyo hivyo. Ndivyo Isimila ilivyojulikana kwa wataalamu. Hawakutumwa watafiti wenye ramani na mahema. Alisimama mwanafunzi.

Wataalamu walifuata baadaye. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell, mwanaakiolojia Mmarekani, alichimba pale na wenzake. Shoka za mkono, zana za kukatia na za kuparulia, zote za mawe, zimelala mahali watu wa zamani sana walipoziacha. Umri wake unakadiriwa kufika miaka 260,000. Mbili, sita, sifuri, halafu sifuri nyingine tatu. Na wamekuta mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani, macho yake yamechomoza juu kuliko ya kiboko tunayemjua. Kiboko, Isimila! Nendeni mkaone palivyo pakavu leo, halafu mniambie hamjiulizi maji yalikwenda wapi.

Halafu kuna zile nguzo. Mvua na upepo vimekula udongo miaka na miaka, vikabakiza minara iliyosimama yenyewe, mirefu kuliko nyumba ya ghorofa, na kila mnara umekingwa juu na tabaka gumu ambalo mvua imelishindwa. Unatembea katikati yake unajiona mdogo.

Niliwahi kupeleka pale wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Watoto wa huko huko, wengine wametembea kwa miguu kutoka kwao mpaka shuleni kila siku. Mwongozaji ametoa shoka moja la mkono, ameeleza kwa ufasaha kabisa, miaka laki mbili na sitini elfu, watoto kimya. Mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, haya si ndiyo yale tunayowarushia ng'ombe?"

Mwongozaji alishika kichwa. Mimi nilifurahi. Kwa sababu kuanzia siku ile yule mtoto hakurusha jiwe tena bila kuligeuza kwanza, na ng'ombe wa kwao nadhani walinufaika.

Jambo la pili. Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipotaka kufika: jiwe halisemi yote. Ukisimama, tafuta msimulizi.

Turudi Lugalo. Unapanda Kitonga, unapita Ilula, kabla hujafika Iringa mjini, kando ya barabara kuu, kuna nguzo ya kumbukumbu. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa anapita pale na vikosi vyake, ametoka kuchoma vijiji njiani. Ana bunduki, ana mizinga. Jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limejificha majanini na kwenye mawe, mikuki mikononi. Wajerumani wanatembea kwa mstari mrefu mwembamba. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja aliona ndege akampiga risasi, na mlio wa bunduki ndio uliokuwa umekubaliwa kuwa ishara ya kuanza. Wahehe wakatoka.

Hawakupata muda wa kupanga mizinga. Wengi hawakupata hata muda wa kupakia risasi. Zelewski akauawa, pamoja naye Wazungu wengine na askari zaidi ya 200, na bunduki zao zikabaki mikononi mwa Wahehe. Wazee wanasimulia kwamba aliyemchoma Zelewski mkuki alikuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi. Vijana wangu mlioko nyuma mnaochezea simu, mmesikia hiyo miaka?

Sasa nawauliza. Ile nguzo ni ya nani?

Eti ya nani? Ya Mkwawa? Ya Wahehe walioshinda? Hapana, mama. Iliwekwa na Wajerumani, kuwakumbuka wafu wao. Mtu akishuka pale peke yake, akasoma maandishi, akapiga picha, akarudi garini, amekwenda na habari za upande mmoja, tena upande ulioshindwa! Upande wa pili hauko kwenye jiwe. Uko kwa wazee wa pale, uko kwa waongozaji, uko kwa bibi anayeuza nyanya mita chache kutoka hapo ambaye babu yake alimsimulia. Ndiyo maana nasema usisimame tu. Simama na uulize. Salimia kwanza, nunua hata nyanya za elfu mbili, halafu uliza.

Na mkishauliza Lugalo, habari itawapeleka wenyewe hadi Kalenga, haina jinsi. Kalenga ni kilomita kama 15 kutoka Iringa, kwenye barabara ya kwenda Ruaha. Hapo ndipo palikuwa na ngome ya Mkwawa. Wajerumani walirudi wakiwa wamejipanga, wakaibomoa kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa hakukamatwa. Alipigana nao akihamahama, leo hapa kesho kule, karibu miaka minne, na watu wakawa wanamficha na kumlisha. Tarehe 19 Julai 1898, amezingirwa kule Mlambalasi, akajipiga risasi mwenyewe. Akakatwa kichwa, kikachukuliwa.

Hapa ndipo habari inapokuwa ya ajabu. Vita Kuu ya Kwanza imekwisha, wakubwa wa dunia wamekaa Versailles mwaka 1919 kugawana mipaka na madeni. Katikati ya mkataba ule, kifungu cha 246, wameandika kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Kifungu hicho hicho kinadai pia Msahafu wa Khalifa Uthman. Fikirieni: jina la mtu wa Kalenga limo ndani ya mkataba uliomaliza vita vya dunia nzima. Wangapi mlifundishwa hilo shuleni? Mimi nililifundisha, wanafunzi wangu wa zamani mlioko humu msiangalie chini.

Wajerumani wakasema hawana. Miaka ikapita, ikaja vita nyingine, ikaisha. Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, kwenye mafuvu mengi yaliyokusanywa huko. Wakapima, wakachagua moja. Juni 1954 likarudishwa Kalenga, likapokelewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wetu wa Bunge kwa miaka mingi. Fuvu hilo lipo hadi leo, ndani ya kasha la kioo, kwenye makumbusho madogo ambayo mtu akikwambia yana nini ndani huamini. Na mwili umezikwa Mlambalasi.

Wapo wataalamu wanaohoji kama fuvu lile ndilo lenyewe. Mimi nina maoni yangu, ila siyasemi mbele ya Wahehe wengi kiasi hiki. Nendeni Kalenga mkamwulize mwongozaji swali hilo, halafu mkae kitako. Atawajibu, na jibu lake halimo kwenye kitabu chochote nilichowahi kufundishia.

Mkiwa Iringa mjini msisahau Gangilonga, lile jabali juu ya mji ambalo Mkwawa anasemekana alikuwa akienda kukaa na kutafakari. Kupanda ni muda mfupi tu. Nendeni jioni. Na lile boma la Mjerumani siku hizi ni makumbusho, watoto watapata mahali pa kukimbia na choo kizuri. Msicheke, aliyesafiri na watoto anajua nasema nini.

Jambo la tatu. Barabara yenyewe.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa utingo wa malori. Siyo dereva, utingo. Mnajua utingo wa zamani? Kazi yake kubwa ilikuwa kushuka lori likipanda mlima, kukimbia nyuma yake na kipande cha gogo, na likianza kurudi nyuma, kusukumiza lile gogo chini ya tairi. Kitonga ile mnayopanda mkiwa mmelala, yeye aliipanda kwa miguu akikimbia, gogo mkononi, moshi usoni.

Kulikuwa na nini? Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao wa kizungu. Zambia ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia, haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yanapitia huko huko kwa walowezi. Yakakatika. Basi mapipa ya mafuta yakaanza kupitia kwetu, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma, kwa barabara ya udongo. Masika matope, kiangazi vumbi la kuziba pua. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Baba hakuiita hivyo, aliiita kazi. Lakini alikuwa akitutajia kona moja moja: hapa alikufa fulani, hapa tulilala siku nne, hapa simba alitembea juu ya mapipa.

Mwaka 1968 likamalizika bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola. Lami ikafuata. Kisha Wachina na Watanzania na Wazambia wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kuanzia 1970 hadi 1975. Leo ukiwa Makambako unaona barabara na reli vimekaribiana. Vyote viwili vilizaliwa na tukio lile lile la Rhodesia. Mwelezeni mtoto wenu pale pale, akiona mabehewa yanapita. Darasani atasahau, pale hatasahau.

Na Morogoro je? Pale Msamvu mnashuka kununua maji na korosho. Kilomita chache kutoka hapo iko Mazimbu. Lilikuwa shamba la mkonge. Serikali yetu ikalitoa kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na kuanzia 1978 ANC wakajenga pale shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Walisoma watoto waliokimbia risasi za Soweto. Walikuwa na mashamba, karakana, hospitali, shule ya watoto wadogo. Mwaka 1992 wakaturudishia, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi yapo. Watu wa Johannesburg, wa Durban, wa Cape Town, wamelala Morogoro. Ndugu zao wanapanda ndege kuja kuyazuru. Sisi tunayapita na mfuko wa korosho.

Nilipita pale na mwanangu mkubwa, akasoma miaka ya kuzaliwa na kufa kwenye mawe, akaanza kutoa: huyu ishirini na mbili, huyu kumi na tisa, huyu ni mtoto mchanga. Akanyamaza. Tulikuwa tumetoka naye Dar es Salaam tunagombana kuhusu simu. Sikuongeza neno.

Mikumi naipita haraka, maana hiyo hata asiyesimama anaiona. Ila nishangae kidogo. Hifadhi ya taifa, ya tangu 1964, barabara kuu inapasua katikati yake kwa kilomita 50 hivi, twiga wanakula kando, tembo wanavuka, bila kiingilio, na abiria wa basi zima wamefunga mapazia wanaangalia filamu ya kupigana. Haya. Hapo msisimame, faini ipo na simba wapo. Angalieni tu dirishani! Kisha ikija mibuyu, kule kabla ya Kitonga, bonde zima la mibuyu, angalieni tena.

Jambo la nne, na hili ni kwa wale walioanza kusinzia kwa sababu nimetaja vita na makaburi. Si lazima kila kituo kiwe na huzuni. Vingine ni vya kushangaa tu, na kushangaa ni haki ya kila mtu.

Watu wa Njombe, maporomoko yenu yako mjini kabisa, ukishuka basi unayasikia, na bado nimekutana na mtu aliyezaliwa Njombe hajawahi kuyasogelea. Msitu wa Nyumbanitu nao uko huko, na habari zake za kuku weusi. Mimi hizo sizisimulii, zina wenyewe.

Uyole mkikata kushoto kwenda Tukuyu, ulizeni Daraja la Mungu. Mto Kiwira unapita chini, juu yake kuna daraja la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Wataalamu wanaeleza kuwa ni lava ya volkano za Rungwe iliyotiririka ikapoa ikawa jiwe, maji yakajipenyeza chini yake. Ukisimama pale huhitaji maelezo mengi. Kuna baridi, kuna ukungu, kuna kelele ya maji, kuna migomba hadi upeo wa macho. Na mkiwa mmefika huko, kuna Kijungu, mahali mto unapoingia kwenye shimo la mwamba na kuzunguka unachemka bila moto. Shikeni watoto mikono. Kwa nguvu.

Halafu watu wa Mbozi. Kaeni vizuri, zamu yenu imefika.

Mkishapita Mbeya mkielekea Tunduma, kuna kuchepuka kwenda kijiji cha Ndolezi. Kule mlimani kuna kipande cha chuma kimelala. Urefu wake mita tatu hivi, uzito unakadiriwa tani 16. Hakikuletwa na lori, hakikuletwa na meli. Kimetoka angani.

Asilimia 90 chuma, karibu 9 nikeli. Wanyiha walikijua tangu zamani. Mpima ardhi aliyeitwa Nott alikiandikia habari mwaka 1930, vitabu vikasema amekigundua, na mimi nikifika hapo darasani nilikuwa naweka chaki chini nacheka kwanza. Kilikuwa kimefukiwa nusu. Wakachimba udongo kukizunguka, ndiyo maana leo kimekaa juu ya kiguzo kilichojengewa saruji. Kilipoanguka hapakubaki shimo linaloonekana, wala hakuna simulizi ya mtu aliyekiona kikianguka, kwa hiyo ni cha zamani kuliko kumbukumbu za wazee wa wazee. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Kikubwa kuliko vyote ni kile cha Hoba, Namibia, na wenzetu wa huko wanakitangaza kila mahali. Sisi cha kwetu tunakipita tukiwahi foleni ya malori Tunduma.

Ombi moja kuhusu kimondo na kuhusu mahali pote nilipotaja. Msiandike majina. Tafadhali sana. Nimeona kwa macho yangu jina la mtu na la mchumba wake limechongwa kwenye udongo wa Isimila, na mwaka. Nguzo imechongwa na mvua tangu hatujui lini, wewe unakuja na msumari! Na msiondoke na jiwe mfukoni, hata dogo. Na chupa za maji rudini nazo.

Sasa najua mnawaza nini, maana mimi ni mama wa nyumba pia. Muda. Pesa.

Kuhusu pesa: Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni. Chenu ni kidogo, ulizeni getini na dai risiti. Mwongozaji mpeni chochote juu yake, kwa sababu amewafundisha.

Kuhusu muda: wenye magari binafsi hamna la kujitetea. Mnatoka Dar es Salaam alfajiri mnataka mfike Mbeya siku hiyo hiyo, mnasinzia kwenye usukani, mnatutia hofu sisi tunaowasubiri. Laleni Iringa. Usiku mmoja. Asubuhi Isimila, mchana mko Makambako. Wa mabasi, kateni tiketi mpaka Iringa, shukeni Ipogolo, laleni, Kalenga kuna daladala, Isimila chukueni bajaji mkubaliane naye awasubiri. Kesho yake kateni basi jingine. Nauli itaongezeka kidogo, ndiyo. Pia mnaweza kuungana familia tatu nne mkakodi Kosta, dereva akawa wenu, akasimama mnapotaka ninyi.

Katibu ana karatasi pale mlangoni. Wanaotaka Kosta ya pamoja waandike majina, idadi ya watoto, na wanashukia wapi. Wazee wawekwe viti vya mbele. Wa Kyela na wa Tunduma mtagombana kama gari likate kushoto Uyole au liendelee, kwa hiyo nashauri ziwe Kosta mbili tangu mwanzo. Nyama choma na nyanya za Ilula zisiingie kwenye ratiba, zitajiingiza zenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimesikia, baba. Maswali nipo tayari kupokea. Ila naomba yule mzee wa Mbozi aliyevaa kofia asiwe wa kwanza, maana namuona amesimama tangu nilipotaja Hoba, na najua akishika kipaza sauti chakula kitapoa.